Kompaila ya Paskali na Jina Lililokatwa

Siku yangu ya kwanza kazini Katibu wa hospitali aliniambia nivue viatu. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kwa kitambaa cha meza, na adui yake mkubwa alikuwa vumbi jekundu la Karagwe. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kusomea uandishi wa programu kwa miezi michache. Wengi pale walidhani nimeletwa kupiga chapa.

Lugha niliyofundishwa inaitwa Paskali. Huku kwetu karibu kila ukoo wa Kikatoliki una Paskali wake, basi niliposema nashinda na Paskali, wauguzi waliniuliza kama mkewe anajua. Mwandishi wa programu huandika maagizo kwa maneno, kisha programu nyingine, iitwayo kompaila, huyatafsiri kuwa lugha ya mashine. Bila kompaila, maagizo hayo ni maandishi tu kwenye karatasi. Ya kwetu ilikuwa kwenye diski laini mbili, na Katibu alizifungia kabati moja na dawa za usingizi.

Niliandika rejesta ya wazazi: jina la mama, kijiji, tarehe, jinsia ya mtoto na uzito wake. Umeme ulikuwa wa jenereta, nayo iliwashwa kukiwa na upasuaji. Kwa hiyo nilingoja mtu apasuliwe ndipo niwaingize waliozaliwa. Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya Kyerwa, nikarudi kwenye daftari na kalamu, na huko ndiko nilikostaafia. Sasa ninaishi Ndama, nina migomba na maumivu ya mgongo.

Mwaka jana alikuja nyumbani mama mmoja wa Kibingo, Konsolata. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye alizaliwa hapa. Ofisi ya vitambulisho ilimtaka alete uthibitisho wa kuzaliwa. Alikwenda hospitali akakuta madaftari ya miaka ile yameliwa na mchwa, na muuguzi mmoja akamwelekeza kwangu. Bila kitambulisho hakuweza kusajili hata laini ya simu, na kila aliposikia kuna msako wa wahamiaji alihama nyumba yake kwa siku kadhaa.

“Nimezaliwa pale,” aliniambia. “Mama alinionyesha hadi dirisha.”

Nilimjibu kwamba simwahidi kitu. Hospitalini nilikuta faili la rejesta lingalipo. Vijana wa kompyuta wa pale walikuwa wamelihamisha kutoka mashine hadi mashine, hakuna aliyeweza kulifungua na hakuna aliyethubutu kulifuta. Programu yenyewe ilipotea na kompyuta ya kwanza. Mimi nilikuwa na maagizo yake yamechapwa kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Kilichokosekana ni kompaila.

Diski mbili nilizipata kwenye boksi la stoo, zimeota ukungu. Nilimpigia mwenzangu wa zamani aliyeko Bukoba, akasema za kwake zilitupwa walipobadilisha bati. Kwenye duka la kompyuta mjini Kayanga nilisema natafuta Paskali, kijana wa kaunta akaniuliza Paskali yupi, fundi redio?

Aliyenisaidia ni Mwalimu Edson, anayefundisha kompyuta sekondari kule Kamuli. Alipata mtandaoni kompaila mpya ya bure inayoelewa Paskali ya zamani, akaipakua kwa bando lake siku mbili mfululizo. Nilikaa maabara ya shule wiki nzima nikichapa upya maagizo yangu mstari kwa mstari. Mashine ilikubali. Lakini orodha ilipotoka, ilikuwa takataka: majina yamekatika mwanzoni, vijiji vimeingia kwenye tarehe.

“Mama, faili limeoza,” Mwalimu alisema.

Nilikuwa karibu kumkubalia. Kisha nikaukumbuka uzito. Uzito wa mtoto una desimali, na namba ya desimali ile kompaila ya zamani iliipa nafasi sita ndani ya faili. Hii mpya iliipa nane. Kwa hiyo kila mtoto alimnyang'anya anayemfuata nafasi mbili. Tulibadilisha neno moja tu kwenye maagizo, na vijiji vikarudi mahali pake.

Konsolata alikuwepo tulipotafuta. Tarehe ilipatikana, Kibingo ipo, mtoto wa kike, kilo mbili na nusu. Akacheka kidogo, akasema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikuwa mdogo hivyo. Kisha akasoma jina la mama: MUKANDAYISEN.

“Hili si jina,” alisema. “Mama ni Mukandayisenga.”

Hapo ndipo ikabidi niwaeleze. Nilipoanza kazi niliomba jina lipewe herufi ishirini na tano. Katibu akasema diski itajaa. “Majina yetu mafupi,” aliniambia. “Kumi na mbili zinatosha.” Nilikuwa nimepita wodini. Niliwajua akina Mukanda na akina Nyira waliolala mle, wanawake wa Kinyarwanda ambao majina yao marefu huanza hivyo. Nikajibu, “Sawa, Katibu.”

Tulikwenda wote ofisi ya vitambulisho na ile karatasi. Afisa alinisalimu kwa heshima, akalinganisha majina, akasema haya ni mawili tofauti. Akauliza ni nani aliyelikata. Nikasema ni mimi. Akanipeleka kwa hakimu, nikaapa na kutia sahihi kwamba kosa ni la programu yangu, si la mzazi. Maombi yakapokelewa. Baada ya miezi kadhaa Konsolata akaitwa kupiga picha.

Siku ile ya kiapo, tukiwa kwenye ngazi za mahakama, hakunishukuru, wala sikutegemea. Aliniuliza, “Mama, wengine uliowakata ni wangapi?”

Watu hudhani ukistaafu kazi nayo inaisha. Mimi niliichukia ile mashine kwa joto lake na kungoja kwake, na niliondoka nikiamini nimeacha kitu safi. Nilirudi Kamuli. Mwalimu aliongeza agizo fupi: chapa kila jina lililojaza herufi zote kumi na mbili, kwa mpangilio wa alfabeti. Printa ilianza asubuhi. Karatasi za shule ziliisha tukiwa kwenye M. Akina Nyira walikuwa bado mbele.