Kadi Mbili za Picha na Shamba la Mama Mkubwa

Hadi leo nikisikia mtu akisoma sifa za kadi ya picha ya kompyuta, kumbukumbu kiasi gani, njia ya data pana kiasi gani, mdomo unanijaa mate kama ya mtu anayetaka kutapika. Kadi hazina kosa. Kosa ni langu, na la mtu mmoja aliyekuja Tarime miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu, mpaka mwenye shamba akawa haoni tena mahindi, anaona kilicho chini ya mahindi.

Nilikuwa fundi wa kompyuta, chumba changu kiko karibu na stendi ya mabasi. Kazi zangu nyingi zilikuwa kupuliza vumbi na kufuta virusi. Mtu huyo aliingia asubuhi, shati jeupe, viatu vinang'aa, akaweka mezani kadi mpya ya picha, kile kipande kinachochora picha za skrini, iliyotoka Nairobi kupitia mpaka wa Sirari. Alitaka niiweke kwenye mashine yake, nitoe ya zamani.

Kadi ya namna ile nilikuwa nimeiona magazetini tu. Nikazilaza mbili sambamba, nikaanza kumweleza hata kabla hajauliza. Ya zamani ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti mia mbili hamsini na sita. Mpya ilikuwa na gigabaiti nzima, yaani mara nne yake. Njia ya data ya zamani, biti sitini na nne. Ya mpya, mia moja ishirini na nane. Ya zamani ilipozwa na kipande cha bati tu, mpya ilikuwa na feni yake, na ilikula umeme mpaka nikabadilisha pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme.

Alinisikiliza akitikisa midomo, kama mwanafunzi anayekariri.

"Fundi, unaeleza vizuri," akasema. "Jumamosi twende Gorong'a ukawaeleze watu wangu hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze."

Sikuuliza watu wake ni akina nani. Mama yangu mkubwa, dada yake mama, alikuwa anaishi Gorong'a, mjane mwenye shamba na ng'ombe wawili wa kulimia. Nikafurahi kwamba nitamsalimia.

Tulifika na pikapu iliyobeba kompyuta na jenereta. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, wengi wao wazee wa heshima. Mtaalamu, ndivyo walivyomwita, alichomeka fimbo ya chuma ardhini, akaifunga waya, na waya akauingiza nyuma ya kompyuta. Mimi ndiye niliyeifungua mashine ile. Nilijua pale alipouingiza palikuwa na tundu tupu la bati, ndani halijaunganishwa na kitu.

"Weka ya zamani kwanza," akaniambia.

Nikaweka. Kwenye skrini ikatokea milima ya rangi ikizunguka kwa kukwamakwama. Niliitambua papo hapo. Ilikuwa picha ya majaribio iliyokuja kwenye sidii ya kadi mpya, ya kupimia kasi. Mtu yeyote aliyenunua kadi ile, popote duniani, alikuwa na milima hiyo hiyo.

"Mnaona inavyokwama? Hii haifiki chini. Fundi, weka mpya."

Nikaweka mpya. Milima ikazunguka laini kama maji, na ubavuni mwake kukatokea doa la njano. Watu wakaguna. Mtaalamu akaligusa doa kwa kidole. "Mwamba wenyewe huu." Kisha akanigeukia: "Waeleze."

Nikaeleza. Mara nne, mara mbili, feni, umeme. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila neno lilinitoka likinuka.

Mama mkubwa akapenya mpaka mbele. Nikamwamkia, "Shikamoo mama mkubwa," akaitikia marahaba, akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hii mpya inaona kweli?"

Mtaalamu alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama.

"Ni bora kuliko ya zamani, mama," nikasema.

Akaridhika. Wiki ile akauza ng'ombe wote wawili, mtaalamu akalipwa, na vijana wa kuchimba wakachimba duara, yaani shimo la kutafutia dhahabu, katikati ya shamba lake. Nilienda kuliona baada ya mwezi; dhahabu haikupatikana. Lilikuwa limejaa maji meusi, chura aliyevimba anaelea, na udongo mwekundu umefukia mahindi pande zote. Harufu yake ilinifuata mpaka mjini. Nilinawa mikono mara tatu, ingawa sikuwa nimegusa kitu.

Nilimkuta mtaalamu kwenye kibanda kimoja mjini, anakula nyama choma, mafuta yanamtiririka kidevuni.

"Umemwibia mama yangu," nikamwambia.

Hakuacha kutafuna. "Mimi nilisema nini? Namba ulisoma wewe." Akanisogezea sahani. "Kula. Jumatano tunaenda kijiji cha Issenye."

Nilimrudishia sahani yake, nikatoka.

Jumatano nilipanda basi peke yangu mpaka Issenye. Nikamkuta ameshachomeka fimbo yake, watu wamekaa, doa la njano linazunguka. Sikumwamkia mtu. Nilikwenda moja kwa moja nikauvuta waya, ukachomoka nyuma ya kompyuta, nikaunyanyua juu watu wauone.

"Tazameni," nikasema. "Waya huu hapa. Dhahabu bado iko kwenye skrini. Hiyo ni picha ya kuchezea, imetengenezwa kiwandani!"

Baadhi wakasimama, wakaanza kumfokea. Lakini mzee mmoja akaniambia kwa hasira, "Kijana, umemharibia mtaalamu chombo chake," na wengine wakaitikia. Wakati tunabishana, yule bwana akafunga mizigo polepole, akaondoka na pikapu yake. Sikumwona tena. Nilisikia tu kwamba watu wawili walimfuata kwa baiskeli, wakimsihi arudi kupima mashamba yao.

Jumapili nilikwenda Gorong'a kukiri. Nilimweleza mama mkubwa yote, milima ya sidii, tundu tupu, na kwamba nilijua tangu mwanzo.

"Ulijua," akasema, "na nilikushika mkono."

"Ndiyo, mama."

"Mtu yule simjui, simlaumu sana. Wewe ninakuonea kinyaa." Aliingia ndani, akatoka na sepetu, akaitupa miguuni pangu.

Nilifukia duara lile siku kumi na moja. Hakunisemesha, ila kila mchana aliweka uji juu ya kigoda na kuondoka kabla sijafika. Msimu uliofuata alilima kwa jembe la mkono, nami nikalima mstari wa pili, nyuma yake.