Mgeni Aliyekalia Ndoo

Kabla hujaniambia kwamba ilikuwa homa, nisikilize. Kila niliyemsimulia jambo hili amenikatiza hapo hapo: mwalimu, ulikuwa na homa. Najua nilikuwa na homa! Aliyekuwa akitetemeka chini ya blanketi ni mimi, si yeye. Lakini Mama Nafula hakuwa na homa, na Mama Nafula ndiye aliyeniuliza swali lililonikausha mate mdomoni. Nitafika huko. Sitii chumvi hata punje. Ningekuwa mtu wa kutunga, ningetunga kisa kinachonipa sifa kuliko hiki.

Mimi kwetu Muheza, mkoa wa Tanga. Nilikwenda Busia, upande wa Kenya, kufundisha Kiswahili katika shule moja ya binafsi iliyotaka mwalimu kutoka Tanzania. Walinipa miezi mitatu ya majaribio. Nikifaulu, shule itanishughulikia kibali na mkataba. Nikishindwa, nafunga mabegi. Na kurudi nyumbani kulikuwa hakuwezekani, niamini. Kazi ya zamani nilishaacha, mama alishapika pilau na kuita watu wa dua, na nusu ya mtaa ilinisindikiza stendi. Sasa urudi baada ya wiki sita, tena umekonda, utawaambia nini?

Nilipanga chumba Burumba, cha mwisho katika ploti ya vyumba vinane, ambapo honi za malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda huzisikii tena ukishazoea. Mwenye ploti alikuwa huyo Mama Nafula, mjane wa Kisamia anayeuza sokoni omena, wale dagaa wa ziwani. Chumba kilikuwa kimekaa bila mtu muda mrefu na sikuuliza kwa nini. Aliyenitangulia aliacha kitu kimoja tu, ndoo ya plastiki ya bluu yenye ufa, isiyoshika maji. Niliipindua karibu na mlango nikawa naweka viatu juu yake.

Sasa nikwambie jambo lililonikera tangu siku ya kwanza, maana ndilo lililoniponza. Pale ukigonga mlango wa mtu hakuambii karibu. Anakuuliza, akiwa ndani, "Ni nani?" Unajitaja. Ndipo anafungua. Mimi nililelewa kwamba mtu akipiga hodi unajibu karibu, awe nani awe nani, na akiondoka unamwambia karibu tena. Kumuuliza mgeni yeye ni nani kabla hujamwona nilikuona ni utovu wa adabu, kama kukaguliwa na polisi. Nikalifanya somo. Nilisimama mbele ya kidato cha pili na kuwaambia watoto wa watu kwamba wazazi wao hawajui kupokea wageni. Mmoja akaniuliza, "Na kama ni mtu mbaya, mwalimu?" Nikamjibu kwamba mtu mbaya hapigi hodi. Darasa zima likacheka, nami nikajiona nimesema neno.

Wiki ya sita nikaanguka. Ilianza na homa ya kawaida, nikasema ni malaria, nikaenda kupima. Hakuna malaria. Taifodi, hakuna. Damu, mkojo, choo, kila kitu safi. Daktari akaniangalia kama mwanafunzi anayetega shule, akanipa dawa za maumivu na kuniambia nipumzike. Nipumzike! Mwalimu mkuu naye alikuwa akinitumia ujumbe kila asubuhi: Mwalimu, watoto wanakungoja. Siku ya Jumatatu ya wiki iliyofuata ujumbe ukawa mrefu zaidi. Nisipoonekana darasani Jumatatu ijayo, wataangalia namna nyingine. Nililala pale nikihesabu vijiti vya dari kwa hasira. Ploti nzima huwa tupu mchana, watu wako sokoni na mpakani, na mgonjwa hana wa kumgombeza.

Jumanne, saa nane mchana, jua kali, nikasikia mlango unagongwa polepole. Mimi huyo, bila hata kuinua kichwa: "Karibu!"

Aliingia mwanamke wa makamo, amevaa gauni la kijani na sweta juu yake, joto lote lile. Alisema amesikia kuna mwalimu mgonjwa, amekuja kunijulia hali. Yeye pia ni mwalimu, wa hesabu, kwao Masaka. Aliniita ssebo, namna Waganda wanavyomwita mwanamume kwa heshima. Unajua nilivyofurahi? Wiki nzima hakuna aliyevuka kizingiti changu! Nilimwonyesha kiti, kipo kimoja. Akakikataa. Alishusha viatu vyangu taratibu, akaikalia ile ndoo mlangoni, magoti yamebanana.

Tuliongea mambo ya wagonjwa. Akasema hata yeye aliugua alipohamia hapa. Nikamuuliza ugonjwa ulimwanzaje, kama mtu yeyote angeuliza.

"Mimi ilinianza na kichwa, ssebo. Upande mmoja. Kama mtu anasukuma jicho kutoka ndani."

Nikampa pole. Hakukaa sana. Aliposimama nikamwambia karibu tena, akatabasamu kama mtu aliyepewa kitu mkononi. Jioni ile kichwa kikanishika, upande mmoja, nyuma ya jicho, mpaka nikauma mto.

Nilihusisha? Hata kidogo. Mimi ni mtu niliyesoma. Jumatano saa nane ile ile mlango uligongwa, nikasema karibu, akakaa kwenye ndoo. Safari hii aliniambia kilichofuata kwake ni magoti, yakajaa maji, hata chooni alikuwa anakwenda kwa kushika ukuta. Akaniaga, nikamwambia karibu tena. Usiku nilikwenda chooni nimeshika ukuta. Alhamisi akanisimulia ulimi wake ulivyokufa, chumvi na sukari vikawa kitu kimoja, na Alhamisi jioni nilitafuna ugali na samaki alivyoniachia Mama Nafula mlangoni nikaona natafuna karatasi. Nililaumu dawa. Nilimlaumu daktari, maji ya bomba, vumbi la malori, na Wakenya wote kwa jumla. Huyo mwanamke tu ndiye sikumlaumu, maana ndiye pekee aliyekuja kuniona.

Ijumaa aliniambia vidole.

"Vikakataa chaki," alisema, akiangalia mikono yake mapajani. "Vikakataa na kalamu. Vikakataa hata kufungua mlango."

Nikamuuliza, kisha ikawaje? Akasema amechoka, atanimalizia kesho. Akanyanyuka kwa shida, akatoka, nami kwa sauti kubwa ili asikie hadi uani nikasema, "Karibu tena, mwalimu!"

Hapo hapo Mama Nafula akatokea mlangoni na beseni lake la omena. Siku hiyo alikuwa amefunga biashara mapema. Alisimama akaniangalia mimi, akaangalia chumba.

"Mwalimu, kwani unaongea na nani?"

Nikamwambia na huyu mama mliyepishana naye sasa hivi hapo mlangoni. Akasema hajapishana na mtu. Nilikasirika. Nikamwambia ni mwalimu wa hesabu, ana sweta, amekuja siku nne mfululizo kunijulia hali, jambo ambalo ninyi wa ploti hii mmeshindwa. Mama Nafula akaweka beseni chini. Hakuuliza jina. Aliuliza swali moja, lile nililokwambia.

"Na alikuwa anakaa wapi?"

Nikainua mkono kumwonyesha ndoo, na vidole havikunyooka. Nilivitazama. Nilivilazimisha. Havikunyooka. Unaelewa? Nilikuwa nimenyoosha mkono mbele ya yule mama na vidole vimejikunja kama vya maiti, na hapo ndipo nilipozihesabu siku: Jumanne kichwa, Jumatano magoti, Alhamisi ulimi. Na kesho angenimalizia.

Mama Nafula alikaa chini sakafuni, akanieleza bila kuniangalia. Huyo mwalimu alikaa chumba hiki kabla yangu. Aliugua wiki nyingi. Watu wa ploti waliogopa ugonjwa wake, wakasema unaambukiza, hakuna aliyeingia. Alikuwa akiamka anajikokota mpaka mlangoni, anakalia hiyo ndoo, anangoja mtu aingie.

"Tulikuwa tunamuuliza tu tukiwa huko nje. Mwalimu, uko aje leo? Anasema niko. Tunaenda kazi. Siku moja tukauliza, hakujibu. Na bado tukaenda kazi."

Nilimfokea, sitakuficha. Nilimwambia alinipangisha chumba akijua. Alisema ndiyo. Nikamwambia basi kesho asiende sokoni, akae na mimi humu ndani. Akatikisa kichwa.

"Siwezi, mwalimu. Nilimwogopa akiwa hai, sasa itakuwaje? Lakini wewe ndiye unamwambia karibu, hata karibu tena. Hapa sisi tunauliza ni nani. Muulize. Halafu umwambie hapana."

Unafikiri ni kitu rahisi? Usiku kucha nilijaribu kulitamka peke yangu gizani. Mgeni amekuja kukuona mgonjwa, na wewe umwambie hapana. Kwetu hata anayekudai humwambii hivyo mlangoni.

Jumamosi ilipofika saa nane nilikuwa nimekaa kitandani, komeo nimelifunga kwa viganja kwa sababu vidole vilikuwa havifanyi kazi. Mlango ukagongwa polepole. Neno karibu lilinipanda lenyewe mpaka kwenye meno. Nikaling'ata.

"Nani?" nikauliza.

Chini ya mlango niliona kivuli cha miguu miwili.

"Ni mimi, ssebo. Jana uliniambia karibu tena."

Nilitaka kumwambia ana haki, kwamba kweli nilisema. Nilitaka kumwomba radhi. Pumzi ilikuwa imeanza kubana na nikajua kabisa ni hiyo iliyobaki kusimuliwa. Nikasema, "Leo hapana, mwalimu. Usiingie."

Kivuli hakikuondoka. Alikaa pale muda ambao siwezi kukupimia, malori yakipiga honi barabarani, mchana mweupe. Kisha akasema, kwa sauti ndogo isiyo na ubaya wowote:

"Hata wewe?"

Akaondoka akiburuta miguu, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, jinsi anavyotembea mtu mwenye magoti mabovu. Namsikia hadi leo.

Jioni ile nilionja chumvi. Jumapili vidole vikafunguka kimoja kimoja, na Jumatatu nilisimama darasani na chaki. Mwalimu mkuu akanipongeza kwa kupona haraka. Majaribio nikafaulu, mkataba nikapata. Kila kitu nilichokuwa nakililia nilikipata, na sikufurahi hata siku moja. Mwanamke yule alikufa akingoja mtu mmoja amkaribishe. Nilimkaribisha siku nne, ya tano nikamfungia mlango kama wote walionitangulia kumfungia. Lakini ningefanyaje? Niambie wewe, maana mimi nimeshachoka kujiuliza.

Nilihama chumba wiki ile ile niliyopona, na mwaka uliofuata nikahamia shule nyingine, Malaba. Wanafunzi wangu siku hizi siwafundishi tena kujibu hodi. Wakiniuliza nawaambia tuendelee na ufahamu.

Mwaka jana mama yangu alikuja kuniona. Hakuniambia. Alitaka kunishtukiza, mwanamke wa miaka sitini na kitu, kutoka Muheza mpaka Malaba kwa mabasi, siku mbili njiani, na kikapu cha machungwa ambayo nusu yalikuwa yameshaoza. Ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa ndani nasahihisha. Nikasikia mlango unagongwa polepole, na sauti ya mama yangu mzazi ikasema, "Hodi, mwanangu."

Niliijua sauti. Naapa niliijua. Na bado kalamu ilinidondoka, na nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Nani?"

Akacheka kidogo, akasema ni mama. Nikamwambia anitajie jina alilokuwa akiniita utotoni. Kicheko kikakatika. Nikaona kivuli cha miguu chini ya mlango, miguu iliyochoka, haisogei.

"Hata mimi?" akasema.

Nilifungua. Alikuwa ni yeye, na kikapu chake. Alikaa siku tatu badala ya wiki mbili alizokusudia, na tangu arudi, akinipigia simu hujitaja jina kwanza, kama mgeni. Nimemweleza kisa chote. Anasema ilikuwa homa.

Kwa hiyo sikiliza. Ukihamia mahali usipopajua, ukagongewa, uliza ni nani hata kama ulilelewa vingine. Lakini kama katika ploti yenu kuna mgonjwa, na najua yupo, usimuulize hali ukiwa uani na funguo za kazini mkononi. Ingia. Kaa naye, mwambie utakuja tena, na uje. Usipoingia kwake, siku moja yeye ataingia kwa mwingine asiyemkosea chochote, na huyo mwingine naye atajifunza kumfungia mama yake mlango.