Kibao Kilichofutika kwa Mapenzi

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Shaba amepiga magoti mbele ya mlango wa hakimu. Kazi yake ni kung'arisha vibao vya shaba kwenye nyumba walimowahi kuishi watu mashuhuri wa mtaa huu mkongwe.

"Hakimu alikuwa anatufukuza sisi watoto kibarazani kwake kama kuku," anasema, mkono hautulii. "Kwa hiyo nilikuwa nampitishia kitambaa juu juu tu. Ndiyo maana jina lake linasomeka mpaka ng'ambo ya barabara!"

Anacheka, kisha anautupia jicho mlango wa pili, alikokaa mwimbaji. Kicheko kinakatika. Kibao cha pale kinang'aa kama kioo, ila hakina hata herufi moja.

Mama Shaba alikulia chumba cha chini cha nyumba ile, mama yake akifua nguo za watu. Siku alipolizwa na jino, mwimbaji alishuka ngazi, akampakata, akamwimbia mpaka usingizi ukamchukua. Wema ule haujamtoka moyoni. Alipoajiriwa na manispaa, kibao kile hakukipa pumziko. Herufi zikalika kidogokidogo, yeye anaona mng'aro tu.

Wiki iliyopita mwimbaji, sasa bibi kizee, alikuja kuitazama nyumba yake ya zamani, ameshikwa mkono na mjukuu. Akakiinamia kibao.

"Kwani hapa wameandika alikaa nani?"

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasimulia Mama Shaba. "Nikamwambia, ni wewe, mama. Mimi ndiye niliyekufuta. Nimekupenda kupita kiasi."

Bibi alicheka hadi akakaa chini. "Basi acha kunisugua, mwanangu. Ukipita hapa, niimbie."

Agizo hilo limewaponza majirani, maana Mama Shaba hakujaliwa sauti. Mpangaji wa ghorofani hufunga dirisha kwa kishindo.

"Afunge tu. Mimi nimetumwa!"

Fundi wa kuchonga ameahidi kuzirudisha herufi mwezi ujao. Lakini juzi mjukuu alipiga simu: macho ya bibi yanazidi kufifia.

"Sina ombi lingine," anasema Mama Shaba, sauti imeshuka. "Hayo macho yamsubiri fundi. Aje ajisome mwenyewe."

Anakunja kitambaa, anausogelea mlango wa mwimbaji, mikono nyuma. Anasafisha koo. Ghorofani, dirisha linafungwa.