Tumukunde na Miguu Inayofikisha Chanjo Ngungu

Jua bado halijachungulia vilima vya Ngungu, na Tumukunde ameshavuka bonde la kwanza, sanduku la baridi lenye chanjo likining'inia begani. Msimu huu wa mvua pikipiki hazipiti. Tope humeza gurudumu zima. Yeye anapita, tena mbiombio.

Ukimtazama akiruka mifereji, hutadhani kwamba msichana huyu wa miaka ishirini na sita alizaliwa nyayo zote mbili zimepinda ndani, zikitazamana.

Majirani walisema ni laana. Mama yake, Nyiramana, alimbeba mgongoni hadi hospitali, miguu ikanyooshwa polepole kwa plasta iliyobadilishwa kila wiki. Baadaye akapewa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, vya kulala navyo. Vita vilipowakimbiza, Nyiramana aliacha masufuria akabeba viatu hivyo.

Hata hivyo, Tumukunde alipofika miaka sita, mguu wa kushoto ulianza kurudi ndani. Plasta ikaanza upya.

"Nililia sana," anakumbuka. "Mama akaniambia: lia, lakini mguu usiutoe."

Leo mguu huo ni mwembamba kuliko mwenzake, na humuuma jioni baada ya miteremko mirefu. Haujawahi kumzuia kazi.

Kanisani, panapotolewa chanjo, muuguzi Déo anampokea sanduku. Akina mama wamejipanga. Mmoja wao, Emérita, anatoa paja la mwanawe Yves lichomwe sindano, lakini anang'ang'ania kitenge kilichofunika nyayo za mtoto.

Tumukunde anaelewa mara moja. Anachuchumaa, anavua buti mbele ya watu wote.

"Miye pia nilizaliwaka hivi, mama. Angalia. Miguu hii njo imeleta dawa ya mutoto wako."

Emérita anagusa kovu dogo juu ya kisigino, pale daktari alipokata kano ili mguu unyooke. Anauliza kwa sauti ya chini kama mtoto ataweza kulima, kucheza. Tumukunde anasimama. Anaruka juu, peku, mara mbili, na kanisa zima linacheka na kupiga makofi. Hapo Emérita anafungua kitenge.

Wamekubaliana kwenda hospitali pamoja Jumatatu. Tumukunde ana sababu nyingine ya safari hiyo: amekubaliwa kujifunza kufunga plasta, na Yves atakuwa mtoto wa kwanza atakayesaidia kumfunga.

"Niko nangoja siku moja tu," anasema, akifunga kamba za buti. "Yves anipite ku mulima, miye nibaki nyuma namwita."