Keki ya Mbegu Nyeusi

Mlinzi wa mazizi pale uwanja wa mbio si mtu wa maneno. Kila ndoo anaiinamia na kuinusa, kila konzi ya shayiri anaisugua viganjani, asije mtu akamtilia farasi dawa kabla ya mbio. Mume wangu Veljko humtania, "Mzee, iko siku utamnusa hata mke wangu." Naye hujibu, "Akibeba ndoo, nitamnusa."

Jana nilimpelekea keki ya mbegu nyeusi za mpopi, niliyooka kwa sikukuu ya nyumbani kwetu. Dunja, binti yangu mdogo, akamnyooshea Soko kipande chake. Soko ndiye farasi wetu pekee, na leo anakimbia. Mlinzi akaudaka ule mkono midomo ya farasi ikikaribia kuugusa. "Mbegu hizi ni za mmea wa afyuni, mwanangu," akaniambia taratibu. "Sisi hatupimwi. Yeye kesho atapimwa damu, na wakiiona humo, hakimbii." Akachota maji, akamwosha Dunja kidole kimoja kimoja, akavinusa, akaviosha tena. Kisha akachukua keki yake, akatoka nje ya geti, akaila amesimama mvuani. Aliporudi alinawa hadi viwiko, ndipo akashika komeo la zizi.