prevAll imelaza sufuria za harusi chini ya saruji

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaamkia. Nasema kilichonipata, chumvi sina.

Mimi mzee wa Ujiji, shule niliishia la nne. Nasimamia upakiaji wa boti pale bandarini Kibirizi. JavaScript nimejifunza kwa video za kwenye simu, uzeeni huku, macho yenyewe yanasumbua.

Boti yetu inakwenda kaskazini: Mtanga, Mwamgongo, mwisho Kagunga. Kupakia ni kinyume. Mzigo wa mbali unalala chini, wa Mtanga unakaa juu maana unashuka kwanza. Vijana walikuwa wanagombana kila safari, nikawatengenezea page iwaambie waanze na upi.

Vituo nimevipanga kwa mwendo wa safari. Kagunga iko chini siku zote, hiyo haina ubishi. Nikaishika, nikaita prevAll ya ile library ya alama ya dola, iniletee vituo vilivyotangulia.

Nikajua italeta Mtanga, halafu Mwamgongo. Nikaweka reverse igeuze, Mwamgongo itangulie kupakiwa.

Kumbe prevAll inaanza na jirani wa karibu, inarudi nyuma! Ilishaleta Mwamgongo kwanza. Reverse yangu ikaharibu kilichokuwa sawa.

Na nextAll je? Hiyo inashuka toka juu vizuri tu. Ndugu wa tumbo moja, kila mmoja na njia yake, na yule mwalimu wa kwenye video kapita hapo kimya kama hakuona! Nimekasirika wakuu, hadi leo.

Sasa sikieni. Siku ya kwanza kuitumia ile page ndiyo ilikuwa harusi ya binti wa dada yangu Zuhura, kule Mtanga. Sufuria kubwa za kukodi na mchele wote viko kwenye boti yetu.

Mimi nimekwenda kunyoa. (Kinyozi wa Buzebazeba ana maneno kuliko wembe, hiyo kesi nyingine.) Nyuma huku vijana wakafuata simu kama nilivyowaamuru. Nikarudi, tukaondoka.

Mtanga, Zuhura kaingia ziwani hadi magotini na kanga yake mpya.

"Kaka, sufuria zangu?"

"Ziko chini ya saruji ya Mwamgongo."

"Nani kaziweka huko?"

"Simu."

"Haya, mwambie simu ashuke apike!"

Boti nzima ikacheka. Nahodha akagoma kufukua mzigo kwenye mawimbi yale, akasema atazishusha akirudi kesho.

Wakwe wakala ugali na dagaa. Kwenye harusi, wakuu! Sufuria zilifika kesho yake zinang'aa, bibi harusi keshaondoka.

Reverse nimeifuta. Nilichojifunza: usidhani mpangilio, chapisha kwanza uone kwa macho yako kilichorudi, ndipo uwape watu wabebe.

Mwenye kujua method nyingine yenye tabia hii aitaje hapa hapa. Zuhura ana binti mwingine, na ameshachumbiwa.