Ulimi wa Hilaria

Kule Wiñaypata, milimani, tarwi haiingii chunguni wala horini mpaka Hilaria Ccahuana aseme. Mbegu hizi nyeupe, bapa kama vifungo vya koti, hunenepesha mtu na mfugo kuliko maharagwe yoyote, lakini Mungu alizitia uchungu wenye sumu. Sharti zichemshwe, zitiwe guniani, zilazwe kijitoni wiki nzima. Mwenye haraka hujuta. Jirani yao Teodosio aliwahi kumpa mtamba wake mbegu za siku tatu. Mnyama akatetemeka, akayumba kama mlevi aliyefukuzwa harusini, na Teodosio akashinda zizini akimwomba msamaha.

Kwa hiyo kazi ya Hilaria ilikuwa kuonja. Siku ya kuonja hakugusa jani la koka, maana koka hutia mdomo ganzi. Alitafuna mbegu, akafumba macho, akahukumu: "Bado siku mbili." Kwa miaka thelathini hakukosea.

Sasa siri yake. Mwaka juzi homa ilimshika, na ilipoondoka iliondoka na ladha yote. Hakumwambia mtu, hata mumewe Nicanor. Alianza kudai kwamba ulimi wake unataka utulivu, akachukua konzi ya mbegu na kwenda nayo nyuma ya jiko. Huko aliishi Domitila, nguruwe jike, aliyepewa jina la marehemu mama mkwe kwa sababu naye hakula kitu bila kukinusa na kukilaumu kwanza. Mbegu chungu Domitila alizisukuma kwa pua. Zilizo tayari alizifagia zote. Hilaria alirudi kwa watu akipangusa midomo, akatoa hukumu. Aibu ilimwasha, ila nani aliyeumwa tumbo?

Mwaka huu Nicanor akateuliwa kulisha kijiji sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Siku tatu kabla, Hilaria alimkuta uani akinoa kisu.

"Cha nini hicho, mzee?"

"Cha Domitila. Ule mgongo hautapita tena mlangoni."

"Mbona bado mwembamba!"

"Mwembamba? Amekula tarwi kuliko padri!"

"Si uchinje simbilisi, wale wadogo kama sungura?"

"Watu themanini, Hilaria. Kila mtu nimgawie sikio la simbilisi?"

Bila Domitila, Hilaria angebaki kubahatisha, na mtoto wa mtu angelishwa sumu. Akadaka uongo wa karibu. "Nyama yake itakuwa chungu. Nilimlisha tarwi ambayo haijatoka uchungu."

Nicanor aliacha kunoa. "Wewe? Ulimi wa Wiñaypata?"

Hapo alinaswa. Kumwokoa nguruwe ni kujipaka matope. Kujisafisha ni kumpeleka Domitila jikoni. Nicanor alitoa mbegu mfukoni, akampa. "Hebu onja."

Hilaria alitafuna, akafumba macho. "Tayari. Tamu kabisa."

"Nimeichemsha asubuhi hii. Kijito haijakiona." Akasema kwa upole, "Iteme, mke wangu."

Aliitema, na machozi yakamtoka. Mficha maradhi, kilio humfichua. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi! Unadhani nilikunywa zile supu kwa raha? Leo chumvi tupu, kesho maji ya kunawia miguu. Tena unampa nguruwe jina la mama yangu, nami nimenyamaza."

"Hata sababu ya jina unaijua?"

"Anakoroma kama marehemu."

Hilaria alicheka huku akilia. "Na kisu?"

"Cha kondoo wangu wawili."

"Wale wa maonyesho? Nicanor!"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nimechoka kungoja."

Hilaria alimpenda siku ile kuliko siku aliyoolewa naye.

Sikukuu ikafika, kondoo wakaliwa. Teodosio alifuta bakuli lake la tarwi kwa kidole, akanyanyua bilauri ya pombe ya mahindi. "Mama Hilaria, Mungu autunze ulimi wako!"

"Anautunza," Nicanor akadakia. "Asubuhi hii ulimi wenyewe umekula ndoo mbili."

Watu walicheka bila kuelewa. Hilaria aliwatazama, majirani wa miaka yote hiyo, wanaomwamini kwa matumbo yao na ya watoto wao. Akaweka upawa chini.

"Njooni wote nyuma ya jiko," alisema. "Niwatambulishe."